Gambiti ya Stafford katika chesi ya dakika moja

Gambiti ya Stafford ni ufunguzi mbovu. Mwenye kete nyeusi anatoa kitunda bure, na Mweupe akijua la kufanya, hakuna kinachomfidia Mweusi. Injini yoyote ya chesi humpa Mweupe faida inayozidi kitunda kimoja mara tu baada ya hatua ya nne. Hata hivyo, kwenye michezo ya dakika moja mtandaoni ufunguzi huu unaua, na sababu ni moja: hatua ambazo mkono wa Mweupe umezizoea, zile anazocheza bila kufikiri, ndizo zinazomwangusha. Kumbana farasi kwa askofu, kusogeza h3 ili asisumbuliwe, kumficha mfalme mapema: mahali pengine zote ni hatua za busara, hapa zinapoteza malkia au mchezo mzima. Kujiokoa anahitaji sekunde kumi na tano za kufikiri, nazo ni robo ya muda wake wote.

Kwa hiyo unachonunua kwa kitunda hicho ni muda wa mpinzani. Ukilielewa hilo, utajua pia lini uicheze, lini uiache, na ufanye nini mtego usiponasa.

Herufi za hatua hapa ni zile zinazoonyeshwa na programu za chesi: K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi, kitunda hakina herufi. Alama ya x ni kula, na nukta tatu baada ya namba zinaonyesha kuwa hatua ni ya Mweusi. Alama ya + ni cheki, # ni chekimeti, na 0-0 ni mfalme kuhamia upande mfupi pamoja na ngome.

Hatua nne za mwanzo

1.e4 e5 2.Nf3 Nf6 3.Nxe5 Nc6 4.Nxc6 dxc6

Hatua ya pili ndiyo Ulinzi wa Petrov, ufunguzi wa heshima kabisa. Gambiti inaanza hatua ya tatu, pale unapomletea farasi wa pili badala ya kumfukuza wake kwa d6. Usije ukachanganya ukacheza 3...Nxe4 kwa haraka. Mweupe anajibu 4.Qe2, na ukirudisha farasi f6, 5.Nc6+ inafungua cheki ya malkia huku farasi akimshambulia malkia wako. Wengi wanaojifunza Petrov huumia hapo.

Kwenye hatua ya nne kula kwa kitunda cha d, kamwe usile kwa cha b. Kwa dxc6 unapata vitu viwili mara moja: askofu wa c8 ana njia ya kwenda g4, na safu ya d inafunguka mbele ya malkia wako. Mitego karibu yote inategemea safu hiyo. Malkia wa d8 anamtazama malkia wa d1, na katikati yao kuna kitunda kimoja tu cha Mweupe. Siku kitunda hicho kikivutwa kwenda kula kitu e4, malkia wake anabaki na ulinzi wa mfalme peke yake.

Mweupe asipokula c6, mambo ni mepesi. Kwa 4.d4 jibu Nxe5 5.dxe5 Nxe4, na kitunda kimerudi. Kwa 4.Nf3 jibu Nxe4, akileta 5.Qe2 farasi wako amefungwa mbele ya mfalme, basi cheza Qe7, na baada ya d3 farasi anarudi f6 salama. Kwa 4.Nc3 mle farasi wa e5, hana mlinzi. Na 4.Nxf7 isikutishe: Kxf7, una kete nzima zaidi.

Hatua zipi uziweke mapema, zipi usiziguse

Kuweka hatua kabla mpinzani hajacheza ndiko kunakoleta tofauti katika mchezo wa dakika moja. Tovuti ya Lichess hukuruhusu kuweka hatua moja tu mapema, na haikukati muda wowote. Chess.com hukuruhusu kupanga kadhaa kwa mfuatano, na kila moja inakugharimu sehemu moja ya kumi ya sekunde. Popote unapocheza, kanuni ni kwamba hatua ya mapema iwe ile isiyoweza kukuumiza hata mpinzani akicheza kitu usichotarajia.

1...e5 usiiweke mapema. Akifungua kwa 1.d4 au 1.Nf3, umempa kitunda kabla hujaamka. Subiri uone e4, kisha cheza.

2...Nf6 ni salama kiasi cha kuiweka. Jambo baya pekee ni 2.Qh5, ambapo atakula e5 kwa cheki, lakini malkia wake atakuwa ametoka mapema na utamfukuza huku ukitoa kete.

3...Nc6 nayo inawekwa. Akicheza 3.Nc3, 3.d3 au 3.Bc4, umeingia kwenye mchezo wa kawaida tu. Kumbuka tu kwamba baada ya 3.Bc4 Nc6 4.Ng5 anashambulia f7, na jibu ni d5.

4...dxc6 iweke kila mara, bila wasiwasi. Ni kula kwa kitunda, na kitunda hakiwezi kwenda mshazari pasipo kitu cha kula. Asipokula c6, programu inaifuta hatua yako na hupotezi chochote.

5...Bc5 ndiyo inayoua wengi. Inaonekana ni hatua ya kila hali, na mara nyingi ndiyo sahihi, ndiyo maana mkono unatamani kuiweka. Lakini Mweupe akicheza 5.e5, askofu anaenda c5 na farasi wako wa f6 analiwa. Akicheza 5.d4, askofu mwenyewe analiwa. Hapo simama, tazama, tumia sekunde moja. Ndiyo sekunde yenye thamani kubwa kuliko zote katika ufunguzi huu.

Maumbo matatu ya kushika kichwani

Ukijaribu kukariri mistari kama mashairi utasahau katikati. Mkono unakumbuka maumbo, na hapa yako matatu.

La kwanza ni pigo la f2. Mweupe ameshacheza d3, askofu wako yuko c5, farasi wako anakula au yuko tayari kula e4. Kitunda cha d3 kikimla farasi huyo, safu ya d inakuwa wazi. Bxf2+ inamvuta mfalme aache kumlinda malkia, kisha Qxd1.

La pili ni safu ya h. Kitunda chako kiko h5, farasi anaruka g4, na Mweupe aliyejificha kwa 0-0 anamfukuza kwa h3. Humwondoi. Akimla, hxg4 inafungua njia kwa ngome yako ya h8, na malkia anashuka h2. Wakati huo kitunda chake cha f2 kimefungwa na askofu wa c5, hakiwezi kusogea wala kula.

La tatu ni Qh4+ na farasi kujitoa g3. Malkia anatoa cheki kutoka h4, Mweupe anaziba kwa g3, farasi wako wa e4 au h5 anakula g3. Kitunda cha h kikimla farasi, malkia anakula ngome ya h1.

Mistari yote inayofuata ni hayo matatu yakibadilishana nafasi.

5.d3, hatua utakayokutana nayo zaidi

Jibu 5...Bc5. Sasa tazama hatua yake ya sita.

6.Bg5 ni zawadi. Anadhani amembana farasi mbele ya malkia. Cheza 6...Nxe4! bila kusita. Akimla malkia kwa 7.Bxd8, cheza Bxf2+. Tazama ubao kwa makini hapo: mfalme hawezi kumla askofu kwa sababu farasi wa e4 anamlinda, hawezi kwenda d2 kwa sababu ya farasi huyohuyo, d1 na f1 zimejaa kete zake mwenyewe. Amebakiwa na 8.Ke2 peke yake. Kwa hiyo weka Bg4 mapema. Ni chekimeti, na hakuna hatari yoyote.

Akimla farasi kwa 7.dxe4, cheza tena Bxf2+, lakini safari hii usiweke chochote mapema, kwa sababu ana njia mbili. Akila 8.Kxf2, unachukua Qxd1. Akienda 8.Ke2, usikimbilie kubadilishana malkia, kwani utabaki na upungufu. Cheza Bg4+, mfalme hana pa kwenda zaidi ya kula f2, na hapo ndipo unaweka Qxd1 mapema. Kosa la kuweka Qxd1 hatua moja kabla ya wakati linapoteza michezo mingi ambayo Mweupe alikuwa ameshashindwa.

Mjanja atajibu 7.Be3. Unabadilishana Bxe3 8.fxe3, kisha Qh4+, lile umbo la tatu: 9.g3 Nxg3 10.hxg3 Qxh1. Akikimbia 9.Ke2 badala ya kuziba, Qf2 ni chekimeti.

6.h3 nayo huchezwa sana, kwa hofu ya farasi kuja g4. Pigo ni lilelile: 6...Bxf2+ 7.Kxf2 Nxe4+. Akila farasi, malkia wa d1 ameondoka. Akirudi 8.Ke1, Qh4+ inamaliza: 9.g3 Qxg3+ 10.Ke2 Qf2#, au 9.Ke2 Qf2# papo hapo. Akienda 8.Kg1, anza na Qd4+ kisha Qe5+ mfalme akiwa h2. Farasi bado ana g3 ya kuigonga ngome.

Tahadhari moja hapa, kwa maana watu huligeuza pigo hili kuwa dawa ya kila ugonjwa. Linafanya kazi kwa sababu kinachoilinda e4 ni kitunda cha d3. Mweupe akiwa na farasi c3, Nxe4 inaliwa na farasi, safu ya d haifunguki, na umetoa kete mbili kwa vitunda viwili. Kabla hujapiga f2, macho yaende c3 kwanza. Ikiwa kuna farasi pale, acha.

6.Be2 ni bora kuliko hizo, na hapo ndipo mchezo unapokuwa mtamu. Jibu 6...h5! Kitunda hicho kinaonekana cha ajabu, ndiyo maana kinafanya kazi. Mweupe wa dakika moja atacheza 7.0-0 kwa mazoea. Ng4 inafuata, ikitazama f2 na h2. Sasa 8.h3 Qd6!, tishio ni Qh2#. Akila 9.hxg4, jibu hxg4 na ngome ya h8 imeingia kazini. Hana tena pa kutokea. 10.g3 inajibiwa Qxg3#, kwa kuwa kitunda cha f2 kimefungwa. 10.Re1 inajibiwa Qh2+ 11.Kf1 Qh1#. 10.Bf4 ni kuchelewesha tu: Qxf4, na matishio yaleyale yamebaki.

Akila kwa askofu, 9.Bxg4 hxg4, mchezo unaendelea, ila 10.hxg4 bado ni kifo kwa Qh2#. Akimla farasi mapema zaidi, 8.Bxg4 hxg4, safu ya h iko wazi na malkia anakuja h4.

Baada ya 6...h5, akicheza 7.h3, jibu Qd4 na kuisukuma f2. Akijificha 8.0-0, Ng4 tena, na akila hxg4 hxg4, malkia anarudi Qe5 kutafuta h2. Malkia akishaondoka d4, mshazari wa askofu unafunguka tena na f2 inafungwa kama kwanza.

5.e5

Anamfukuza farasi. Usirudi nyuma, 5...Ne4.

6.d3 ndiyo hatua ambayo vidole vyake vinaitaka. Jibu Bc5! na kumwachia farasi. 7.dxe4 Bxf2+ ni umbo la kwanza lilelile, na majibu yako yaleyale: 8.Kxf2 Qxd1, au 8.Ke2 Bg4+ na kisha Qxd1. Kwa 7.Be3 jibu Bxe3 8.fxe3 Qh4+ 9.g3 Nxg3. Tawi hili lina historia: mchezo wa barua wa Lowens dhidi ya Stafford, mwaka 1950, uliishia kwenye 6...Bc5.

6.d4 inazuia Bc5, basi jibu Qh4, na tishio ni Qxf2#. Akiziba 7.g3, Nxg3! Akila kwa h, ngome ya h1 imekwenda. Akila kwa f, Qe4+ inawapata mfalme na ngome kwa mpigo mmoja. Dawa yake ni 7.Qf3, hapo mwondoe farasi kwa Ng5 ukimgusa malkia, na uendelee na mchezo ukiwa nyuma kwa kitunda.

5.Nc3

Bc5 ni salama. Akicheza 6.Be2, rudi kwenye h5 na mpango wa g4. Akicheza 6.d3, nenda moja kwa moja Ng4: akiziba 7.Be3, Nxe3 8.fxe3 Bxe3, kitunda kimerudi na mfalme wake hana raha. Akicheza 6.Bc4, pia Ng4, na kama atajificha 7.0-0, Qh4 inatishia h2 na f2. Kwa 8.h3 cheza Nxf2, na sasa kuna malkia wa d1 wa kuliwa pamoja na cheki ya mara mbili kwa Nxh3. Akila farasi kwa ngome, 9.Rxf2 Qxf2+, ngome ni yako.

5.d4 na 5.f3

Kwa 5.d4 cheza Nxe4 na usahau mitego. Umerudisha kitunda na hali ni nzuri kuliko ulivyostahili.

5.f3 ni ya mtu aliyesoma. Anailinda e4 kwa kitunda kingine na pigo la f2 halina tena nguvu. Cheza Bc5, ambayo angalau inamzuia kujificha upande mfupi, kisha Nh5 kama amecheza 6.d3. Asipoona hatari, kwa mfano 7.Nc3, umbo la tatu linakuja: Qh4+ 8.g3 Nxg3 9.hxg3 Qxh1. Lakini angalia kwanza kama ameshacheza d4. Kama ndiyo, wakati malkia wako anakula ngome, yeye anakula askofu wa c5, na hesabu inageuka.

Anapoijua

Tangu Eric Rosen, mwenye cheo cha Bingwa wa Kimataifa, alipoieneza kwa video zake mnamo 2020, gambiti hii si siri tena. Utawatambua wanaoijua kwa kasi yao: wanacheza 5.d3 Bc5 6.Be2 h5 7.c3 bila kusimama. Hatua ya 7.c3 inaandaa d4, na d4 ikifika mshazari wa askofu umekufa na f2 imefunguliwa. Baada ya 7...Ng4 8.d4 huna kitu cha haki cha kucheza.

Cheza Qh4 hata hivyo. 9.g3 Qf6, na f2 bado inalengwa na kete mbili. Akila kwa pupa 10.dxc5, Qxf2+ 11.Kd2 inamwacha mfalme uwanjani, na mwenye sekunde thelathini hapendi kumwongoza mfalme wa namna hiyo. Akicheza 10.f3 ametoka salama, na wewe umeshindwa ufunguzi.

Hapo ndipo wachezaji wengi wanapoharibu zaidi. Mtego haukunasa, basi wanatoa kete ya pili na ya tatu kwa matumaini. Usifanye hivyo. Upungufu wa kitunda kimoja katika mchezo wa dakika moja si chochote. Upungufu wa kete nzima unamfanya mpinzani acheze bila kufikiri, na hapo umemrudishia muda uliomnyang'anya. Kete yako ikifukuzwa, irudishe mahali penye ulinzi, jifiche ikiwezekana upande mrefu kwa sababu h5 imeudhoofisha ule mfupi, na ubaki na malkia ubaoni. Malkia wakibadilishwa, kitunda chake cha ziada kinaanza kuwa na uzito na hatua zake zinakuwa rahisi.

Saa

Sekunde sitini zikigawanywa kwa hatua arobaini ni sekunde moja na nusu kwa kila hatua. Panga matumizi yako hivi: hatua nne za mwanzo zisile zaidi ya sekunde mbili au tatu kwa jumla, hatua ya tano sekunde moja ya kutazama, na kati ya hatua ya sita na ya kumi una ruhusa ya kusimama mara moja, sekunde tatu hadi tano, pale unapoona umbo lakini huna hakika kama kete zote ziko mahali pake. Zaidi ya hapo unakula mtaji wako mwenyewe. Ukifika hatua ya kumi na tano na sekunde arobaini huku yeye ana thelathini, ufunguzi umefanya kazi yake hata kama kitunda hakijarudi.

Kuanzia hapo tumia cheki zisizokugharimu kitu. Cheki mara nyingi inafuta hatua aliyokuwa ameiweka mapema, inamlazimisha kutazama ubao na kuamua. Usitoe cheki inayompeleka mfalme wake mahali bora, lakini kati ya hatua mbili zilizo sawa chagua yenye cheki. Ukibaki na sekunde chini ya tano, cheza hatua fupi: kidole au kipanya kikivuka ubao mzima kwa mtelezo unapoteza sehemu ya sekunde, na kete inaweza kuangukia mraba wa jirani.

Michezo yenye nyongeza ya muda kwa kila hatua inabadilisha hesabu. Kwa dakika mbili na nyongeza ya sekunde moja gambiti bado inalipa, ila usitegemee muda wa mpinzani kuisha. Kwa dakika tatu na nyongeza ya sekunde mbili, mpinzani mzuri ana nafasi ya kufikiri kwenye hatua ya saba na ataiona c3. Kuanzia hapo kwenda juu tafuta ufunguzi mwingine. Kwenye mashindano ya uwanja (arena) ya Lichess, kujikata muda nusu ili upate pointi ya ziada kunaendana na gambiti hii ukiwa umeshaijua kwa mkono. Kama bado unakumbuka kwa kufikiri, utajinyonga mwenyewe.

Maandalizi

Kabla ya mchezo, nenda kwenye mipangilio: ruhusa ya kuweka hatua mapema iwe imewashwa, kitunda kinachofika mwisho kigeuke malkia chenyewe, uthibitisho wa hatua uzimwe, na mwendo wa kete ubaoni uwe wa kasi kabisa au uzimwe. Tazama pia kipimo cha ucheleweshaji wa mtandao. Mtandao ukiyumba, hatua uliyoicheza kwa nusu sekunde inaweza kufika ikiwa imekula sekunde nzima, na ufunguzi unaotegemea muda hauna maana tena.

Mazoezi yafanye kwa kuzipanga hali zenyewe ubaoni. Chukua hali baada ya 5.d3 Bc5 na uipitie kwa zamu: Bg5, h3, Be2, mpaka jibu litoke kabla hujajiuliza. Kisha ipindue, ucheze upande wa Mweupe. Ukiona kwa macho yake kwa nini 7.0-0 inavutia na 7.c3 inaonekana ya uvivu, utajua pia ni sura gani ya mchezo inayokuambia kwamba mtego haupo.

Hifadhidata ya wazi ya Lichess hukuruhusu kuchuja michezo kwa kasi na kwa kiwango cha wachezaji. Chagua kiwango chako mwenyewe, kasi ya buleti tu (kundi la michezo ya dakika moja), ufike hatua ya tano ya Mweupe, uone zipi zinachezwa zaidi na watu unaokutana nao. Tumia muda wako kwa hizo mbili au tatu za juu, 5.f3 inaweza kusubiri mpaka ianze kukutokea. Fanya hivyo kabla ya mchezo, kwa maana kufungua hifadhidata au injini mchezo ukiwa unaendelea ni udanganyifu na akaunti hufungwa.

Mpinzani aliyenaswa akiomba marudio mara moja, mara nyingi atakuwa ameshafungua uchambuzi na kuona jibu. Mchezo utakaopewa tena kete nyeusi dhidi yake, jibu 2.Nf3 kwa 2...Nc6 ya kawaida, na umwachie c3 yake bila kazi.